Hodi isiyoitikiwa kwenye laini ya 16

Swali

Salaam mtaalamu. Nina kompyuta ya mezani ya miaka mingi kidogo, inatumia Linux. Kila ninapoiamsha kutoka usingizini mtandao unakuwa mzito ajabu. Haukatiki, ila ping ya kwenda kwenye ruta, ambayo kwa kawaida haifiki milisekunde 1, inaruka mara 40, mara 70, mara 90 na kitu. Kipanya cha USB nacho kinatembea kwa kurukaruka. Kwenye logi nakuta `irq 16: nobody cared` na chini yake `Disabling IRQ #16`. Nikifungua /proc/interrupts naona kadi ya mtandao na kidhibiti cha USB wamewekwa pamoja kwenye namba 16. Nikiondoa draiva ya kadi ya mtandao na kuirudisha, kila kitu kinapona mpaka kompyuta ilale tena. Nikaamini kadi ni mbovu, nikanunua nyingine, tatizo liko palepale. Nimeongeza `irqpoll` kwenye vigezo vya kuwashia, haikusaidia. `pci=nomsi` imo tangu siku nilipoweka mfumo, niliambiwa bila hiyo kompyuta haitawaka. Ndani kuna pia kadi ya zamani ya PCI ya kunasa video, ila hiyo haihusiki, siitumii siku hizi. Kuna skripti inayoondoa draiva yake kabla ya kompyuta kulala, maana ilikuwa inagoma kulala. Je, niingie kwenye BIOS nizipe kadi namba tofauti? Au ni madabodi imekufa? Logi nimeambatisha.

Jibu

Ndugu yangu, pole kwa gharama ya kadi mpya. Ile ya zamani usiitupe, kwa sababu sioni dalili yoyote kwamba ilikuwa mbovu. Mpya nayo ni nzima, na madabodi siishuku. Sentensi niliyoisoma mara tatu ni ile uliyoiweka mwishoni, ya kadi ambayo "haihusiki". Nitaifikia.

Kwanza ujumbe wenyewe, kwa kuwa wengi huusoma vibaya. Katizo, au IRQ, ni hodi ambayo kifaa humpigia prosesa kikitaka kuhudumiwa, na laini ni njia yenye namba inayopitisha hodi hiyo; draiva ni programu inayokiendesha kifaa, na kerneli ni kiini cha Linux kinachozisimamia draiva zote. `irq 16: nobody cared` hausemi kwamba vifaa viwili vimegombania namba, wala kwamba kimoja kati ya vilivyoorodheshwa ni kibovu. Kerneli inakwambia hivi: kuna kifaa kinabisha hodi kwenye mlango wa 16, nimeziuliza draiva zote ninazojua zinakaa humo, na kila moja imesema mgeni huyu si wangu. Imeuliza mpaka imechoka, ikaufunga mlango. Chini ya ujumbe huo kuna orodha ya draiva zilizoulizwa, na watu huisoma kama orodha ya watuhumiwa. Ni orodha ya waliokana. Anayebisha anaweza kuwa kifaa cha mmoja wao, na anaweza pia kuwa kifaa ambacho jina lake halimo kabisa.

Wazo la "wape namba tofauti" lina historia yake, na wakati wake lilikuwa sahihi. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu moja ya 8259A yenye laini 8 za makatizo. PC/AT ya 1984 iliongeza chipu ya pili, na kwa kuwa laini moja ilitumika kuziunganisha chipu hizo mbili, zikabaki 15. Kadi za ISA, yaani za sloti za zama hizo, zilitumia makatizo ya ukingo, yaani prosesa iliitwa pale tu ishara ilipobadilika kutoka chini kwenda juu. Ukiweka kadi mbili kwenye laini moja, moja ikawa tayari imeinua ishara, ya pili ikiinua yake hakuna mabadiliko ya kuonekana, na hodi yake inapotea. Ndiyo maana mafundi walikuwa wakihamisha jampa ndogondogo kwenye kadi, wakitafuta namba iliyo wazi.

PCI, mfumo mpya wa sloti za kadi, ilipokuja mwaka 1992 ilibadilisha kanuni. Kila kadi inaweza kuwa na pini nne za makatizo, INTA hadi INTD, ingawa nyingi hutumia INTA peke yake, na madabodi huunganisha pini za sloti zote kwenye waya chache. Katizo lenyewe ni la kiwango. Kifaa huivuta laini chini na kuishikilia hapo, hakiachii mpaka draiva yake ije, isome sababu na kuifuta. Vifaa viwili vikiivuta kwa pamoja havidhuriani: kimoja kikihudumiwa na kuachia, cha pili bado kinashikilia, na prosesa inaendelea kuitwa mpaka wote wahudumiwe. Hakuna hodi inayopotea. Kwa hiyo kadi yako ya mtandao na kidhibiti cha USB kukaa pamoja kwenye 16 si mgongano hata kidogo. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Bei ya mpango huo ni kwamba kila anayeishi kwenye laini lazima awe mwaminifu. Katizo likifika, kerneli haijui ni la nani. Inaziita draiva za laini hiyo moja baada ya nyingine, kila moja inasoma rejista ya hali ya kifaa chake, kisha inajibu `IRQ_HANDLED`, yaani lilikuwa langu nimelimaliza, au `IRQ_NONE`, si langu. Sasa fikiria kifaa kinachoivuta laini chini lakini hakina draiva. Prosesa inaitwa, draiva mbili zinakana, hakuna aliyefuta sababu, laini bado iko chini, prosesa inaitwa tena papo hapo. Inazunguka hivyo bila kupumua. Kerneli inahesabu: kati ya makatizo 100,000 ya laini, yasiyo na mwenyewe yakizidi 99,900, inaandika ule ujumbe na kuizima laini. Laki moja inasikika kama nyingi, ila laini iliyoshikiliwa chini huifikia ndani ya sekunde chache au pungufu. Makatizo yasiyo na mwenyewe yanayokuja kwa kudondoka hayafikishi huko, kwa sababu pakipita zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kati ya moja na jingine, hesabu huanza upya. Liweke hili akilini, tutalihitaji: ukiuona ujumbe huo kwenye logi, aliyeusababisha ameanza kupiga kelele muda mfupi tu kabla yake.

Sasa dalili zako. Umesema mtandao haukatiki, na hilo ndilo lililonipa uhakika kwamba ninakielewa kinachotokea. Kerneli ikishaizima laini haivitelekezi vifaa vilivyokuwa humo. Inaanza kuwazungukia yenyewe kila milisekunde 100, inawauliza kama kuna kazi. Tazama tena namba zako za ping: 40, 70, 90. Hizo ni pakiti zilizofika zikakaa kusubiri mzunguko unaofuata. Iliyobahatika kufika karibu na mzunguko inasubiri kidogo, iliyoukosa kidogo tu inasubiri karibu milisekunde zote 100. Kipanya nacho kinaruka kwa sababu hiyohiyo, kinasomwa mara kumi kwa sekunde. Kadi inayokufa haiwi na nidhamu ya namna hiyo.

Na ule uponyaji unaoupata ukirudisha draiva ya mtandao? Draiva yoyote inapojiandikisha upya kwenye laini ya pamoja iliyozimwa hivi, kerneli huifungua tena laini na kuipa nafasi nyingine. Ungeondoa na kurudisha draiva ya USB badala yake, ungepona vilevile, na pengine leo ungekuwa umenunua kadi mpya ya USB. Sikucheki, mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha kadi mbili za sauti zilizokuwa nzima kabisa kabla ya kugundua kwamba kilichokuwa kinapiga kelele kilikuwa kifaa cha tatu nisichokitazama.

Tuje kwenye logi. Wewe unasema tatizo huanza baada ya kuamka. Logi uliyonitumia inasema vingine. Mstari wa `Disabling IRQ #16` uko juu ya mstari wa `PM: suspend entry`, si chini yake. Yaani laini ilikuwa imeshazimwa kabla kompyuta haijalala. Wewe uliyaona madhara ulipoamka kwa sababu hapo ndipo ulipokaa tena mbele ya kioo. Sasa rudi nyuma sekunde chache kutoka kwenye ujumbe, uulize nini kilitokea. Skripti yako iliondoa draiva ya kadi ya video.

Ninavyoona mimi, mambo yanakwenda hivi. Draiva ya video ikiwa imepakiwa, nayo inakaa kwenye laini ya 16, ya tatu pamoja na wenzake wawili. Skripti inapoiondoa, jina lake linafutwa kwenye laini, lakini kadi yenyewe haijaambiwa inyamaze, au imeambiwa kwa njia isiyotosha. Inaendelea na kazi yake, ikimaliza kitu inaivuta laini chini, na aliyekuwa anaitika hayupo. Kama kadi hiyo ingekuwa peke yake kwenye laini, usingejua kamwe kwamba draiva yake inaondoka bila kufunga mlango, maana mtumiaji wa mwisho wa laini akiondoka kerneli huifunga laini nzima, na kadi ingebaki inapiga kelele bila kusikika. Hapa laini haikufungwa kwa sababu mtandao na USB bado wanaihitaji. Kushiriki hakukuleta kosa, kumelifichua tu. Kisha kompyuta inalala, umeme wa kadi unakatwa, ikiamka kadi imeanza upya na iko kimya. Mkosaji ameondoka na laini imebaki imefungwa, ndiyo maana kuirudisha draiva yoyote kunaponya na kelele hairudi mpaka utakapolaza kompyuta tena.

Haya ni maelezo yanayokaa vizuri na kila ulichoandika, lakini usinunue wala kuchomoa chochote kwa maelezo tu. Yathibitishe, ni kazi ya dakika kumi. Hifadhi kazi zako kwanza, halafu kama mtumiaji mkuu pakia draiva ya video na usome /proc/interrupts. Jina lake likitokea kwenye mstari wa 16, nusu ya kesi imeisha. Fungua dirisha la pili uweke hii:

`watch -n 1 cat /proc/irq/16/spurious`

Faili hilo linaonyesha idadi ya makatizo na yale yasiyo na mwenyewe. Sasa ondoa draiva ya video kwa mkono, kama skripti inavyofanya, ila usiilaze kompyuta. Idadi ya yasiyo na mwenyewe ikipaa na ujumbe ukatokea hapohapo, umemkamata. Usipotokea, jaribu tena baada ya kuitumia kadi kidogo, maana kadi isiyo na kazi yoyote huenda haina sababu ya kubisha.

Kabla hujawasha upya, na laini ikiwa bado imezimwa, endesha `lspci -vv` ukiwa mtumiaji mkuu. Chini ya kila kifaa kuna mstari wa Control na mstari wa Status. Mwisho wa Status utaona `INTx-` au `INTx+`. Alama ya kujumlisha maana yake kifaa hicho, wakati huo huo unaposoma, kina katizo ambalo hakuna aliyelihudumia. Kwenye Control kuna `DisINTx`. Ikiwa na kujumlisha, kifaa kimezuiwa kuigusa laini hata kama kina la kusema. Kwa hiyo unamtafuta mwenye `INTx+` na `DisINTx-`. Nimeona watu wakisumbuka wiki nzima na laini za makatizo bila kujua kwamba jibu limeandikwa kwenye mstari ambao kila siku wanaupita.

Ila kuna tahadhari inayokuhusu moja kwa moja. Biti hizo mbili ziliingia na toleo la 2.3 la PCI, mwaka 2002. Kadi iliyoundwa kwa matoleo ya kabla ya hapo inaweza kuonyesha `INTx-` huku imeivuta laini mpaka chini. Ukiona `INTx+` kwenye kadi ya video, kesi imekwisha. Ukiona `INTx-`, hiyo si cheti cha uadilifu. Rudi kwenye lile jaribio la kuondoa draiva, lenyewe halidanganyi. Na usifikirie kwamba kuifuta kadi kwenye orodha ya vifaa kupitia /sys kutaisaidia. Kulifuta jina la mtu daftarini hakumfanyi anyamaze.

Tiba. Ningekuwa wewe ningeanza na `pci=nomsi`, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoiweka kadi yako ya mtandao kwenye laini ya 16. MSI ni njia nyingine kabisa ya kubisha: badala ya kuvuta waya, kifaa kinaandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na ujumbe huo unajulikana ni wa nani. Hakuna laini ya pamoja, hakuna kuulizana. Ilianza na toleo la 2.2 la PCI, na MSI-X iliyofuata inaruhusu kifaa kimoja kuwa na hadi makatizo 2048. Vifaa vya PCI Express vinaifahamu, na karibu kila kadi ya mtandao ya aina hiyo inaitumia ikiruhusiwa. Wewe umeikataza kwa kompyuta nzima, ukawarudisha wote kwenye waya. Aliyekupa ushauri ule huenda alikuwa sahihi kwa kerneli ya wakati huo, lakini vigezo vya kuwashia vina tabia ya kubaki miaka mingi baada ya sababu yake kufa.

Usikifute moja kwa moja. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapowaka kabla ya Linux kuanza, bonyeza herufi `e`, ukitoe kwenye mstari wa kerneli kwa uwashaji huo mmoja, uone kama kompyuta inawaka na kukaa sawa. Ikikataa, uzime na kuwasha, kigezo kitakuwa kimerudi chenyewe. Ikikubali, tazama /proc/interrupts: kadi ya mtandao iwe imehama kwenye 16 na kupata mstari wake wenye neno MSI. Na `lspci -vv` itaonyesha `MSI: Enable+` au `MSI-X: Enable+` chini yake. Hapo hata kadi ya video ikipiga kelele usiku kucha, mtandao hautasikia.

Kidhibiti cha USB kitabaki kwenye 16, maana vile vya zamani vya aina ya EHCI kwa kawaida hutumia waya. Kwa hiyo kadi ya video nayo ihamishe. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, isogeze kwenye sloti nyingine ya PCI. Hii si ushirikina wa fundi. Pini za sloti zimeunganishwa kwa kuzungushwa, INTA ya sloti moja inakutana na INTB ya jirani yake, ili kadi ambazo zote zinatumia INTA zisirundikane kwenye waya mmoja. Ukibadilisha sloti unabadilisha waya. Pakia draiva yake, tazama imeangukia namba gani, na kama iko peke yake kwenye mstari umemaliza: siku skripti itakapoiondoa draiva, kerneli itaifunga laini hiyo kwa kuwa hakuna mwingine anayeihitaji. Umesema huitumii siku hizi. Basi kuichomoa kabisa ni tiba halali pia, na ndiyo ya haraka kuliko zote.

Jaribu vilevile kuizima skripti na kuilaza kompyuta draiva ikiwa imepakiwa. Kama iliandikwa kwa kerneli ya miaka iliyopita, huenda kule kugoma kulala kulishatengenezwa na wewe unaendelea kutibu ugonjwa uliopona.

`irqpoll` iondoe. Kazi yake ni kuzipitia draiva zote, za laini zote, kila katizo linapokosa mwenyewe na pia kila saa ya mfumo inapogonga. Inasaidia pale katizo linapofika kwenye laini isiyo yake, mwenyewe yupo lakini kaandikwa mlango mwingine. Kwako mwenyewe hayupo popote, kwa hiyo hata ukigonga milango yote ya mtaa hatapatikana, na prosesa inapoteza nguvu kwa kuzunguka bure. Ukikuta mahali unashauriwa `noapic`, kaa nayo mbali zaidi: inakurudisha kwenye zile laini 15 za 1984, ambako kushiriki kutaongezeka, badala ya kidhibiti cha kisasa ambacho mara nyingi kina viingilio 24 au zaidi.

Kuhusu BIOS, menyu ile ya kugawa namba za IRQ inahusu hasa kidhibiti cha zamani. Linux ikishawasha APIC, kile kidhibiti cha kisasa, inatumia ramani nyingine, na namba ulizochagua hazigusi waya. Ungebadilisha usiku kucha ukaamka na 16 yako ileile.

Wanaotumia Windows watakutana na hofu ya namna yake. Programu ya msinfo32 ina ukurasa unaoorodhesha rasilimali zinazoshirikiwa na zinazogongana kwa pamoja, na mtu akiona vifaa vyake sita humo hudhani kompyuta inaungua. Karibu yote hayo ni kushiriki kwa kawaida. Kwenye Kidhibiti cha Vifaa, ukipanga mwonekano kwa rasilimali, vifaa vyenye namba za IRQ zilizo hasi ndivyo vinavyotumia MSI; hivyo viache. Kinachostahili kutazamwa ni kifaa chenye namba chanya kinachoshiriki na kingine kisicho na draiva, kile chenye alama ya mshangao ya njano. Ni hadithi ileile kwa sura nyingine.

Kama una rafiki anayeandika draiva, mpe haya, kwa sababu kesi kama yako huzaliwa mezani kwake. Kabla ya kuita `free_irq`, amri inayoiondoa draiva kwenye laini, kifaa kiamriwe kuacha makatizo, na amri hiyo ihakikishwe kwa kusoma rejista yoyote ya kifaa baada ya kuiandika. Maandishi yanayopita kwenye PCI hukaa njiani; unaweza kudhani umekinyamazisha kifaa kumbe amri bado haijafika, na usomaji ndio unaoisukuma. Kosa hilohilo likitokea ndani ya kishughulikiaji chenyewe, yaani sehemu ya draiva inayoitwa katizo likifika, draiva inarudi kabla laini haijaachiwa na katizo la uongo linafuata nyuma yake. Kifaa kilicholala au kukatiwa umeme kikisomwa hurudisha biti zote zikiwa moja, na draiva isiyojua hilo itazisoma kama makatizo yote ya dunia, iseme "yangu hayo" na kuanza kuhudumia hewa. Na asithubutu kujibu `IRQ_HANDLED` kila mara ili ujumbe usitokee. Wapo wanaofanya hivyo. Ujumbe hautokei kweli, lakini kerneli imepofushwa: laini ikishikiliwa chini haitazimwa kamwe, na prosesa yote itaishia humo. Afadhali `nobody cared` mara mia kuliko kompyuta iliyoganda bila neno. Kwa majaribio awashe `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`, ambayo hurusha katizo la uongo pale draiva ya laini ya pamoja inapojiondoa. Draiva iliyokwisha kufuta kumbukumbu zake kabla ya `free_irq` itaanguka hapo mezani kwake badala ya kwako.

Sasa, ukichomoa kadi ya video na ujumbe bado ukatokea, nitakuwa nimekosea kuhusu mkosaji ila si kuhusu njia ya kumtafuta. Kabla ya kuilaza kompyuta hifadhi matokeo ya `lspci -vv` kwenye faili, ujumbe ukitokea hifadhi mengine, kisha uyalinganishe kwa `diff`. Nitumie tofauti hiyo pamoja na mistari 30 ya logi iliyo juu ya ujumbe, yote ya `journalctl -b` bila kuichuja kwa kerneli peke yake, ili nione na skripti zilizopita hapo. Kifaa nitakachokitazama kwanza kitakuwa kile ambacho `INTx` yake imegeuka, na cha pili kile ambacho hakina mstari wa `Kernel driver in use`.